Dirisha Lililomtukana Mkaguzi

Ukimwomba Athanas Kobelo risiti ya mwaka juzi, alikuwa akikupa, kisha anakuonyesha nakala yake, kisha anakunong'oneza mahali ilipo nakala ya nakala. Hivyo ndivyo alivyoifanya kazi ya ukarani katika stoo ya pembejeo mjini Morogoro, tangu stoo ilipokuwa mali ya shirika la umma. Shirika lilipouzwa, tajiri mpya alichukua majengo, lori, mizani na makarani. Majengo aliyapaka rangi. Makarani alisema atawajaribu kwanza, na wawili walikwisha kujaribiwa: mmoja alikuwa anauza mitumba Mkuyuni, mwingine hakuna aliyejua alipo.

Meneja Victor, kijana aliyevaa tai hata Jumamosi, ndiye aliyeleta kompyuta.

"Mzee Athanas," alisema, "ukiiweza mashine hii, unabaki. Usipoiweza, kabichi za Mgeta zinakusubiri."

Athanas alizaliwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Alijua kwamba kabichi hazina tabia ya kumsubiri mtu. Mtu ndiye huzisubiri, mgongo umeinama, lori la kwenda Dar likichelewa na mvua ikinyesha. Akaamua kuiweza mashine.

Alijiandikisha masomo ya jioni kwa Hosiana, mwanamke mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa na chumba cha kufundishia karibu na soko. Hosiana alimwandikia programu ya stoo, lakini madirisha yake, yaani yale mtu anayoyaona kwenye skrini, akamwachia ayachore mwenyewe.

"Programu yenyewe haina sura," alimweleza. "Ikiamka inatafuta faili la madirisha pale pale ilipo. Inasoma humo: hapa pana kichwa, hapa kitufe, hapa kisanduku cha kuandikia. Ndipo inajivika na kutokea mbele za watu."

"Kama bwana harusi anayesubiri suti ya kuazima," Athanas alisema.

"Haswa. Na haichagui. Ikikuta suti ya mtu mwingine yenye jina lile lile, inavaa hiyo hiyo na kutoka."

Athanas aliyaandika maneno hayo vizuri, akayapigia mstari, na asiyafikirie tena.

Dirisha la kwanza lilikuwa la majaribio tu. Hosiana alimwambia aandike lolote linalomjia kichwani. Kilichomjia ni Rashidi, dereva wa lori la stoo, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wake. Kila asubuhi Rashidi alimsalimu kwa kumuuliza kama ule mguu wake mfupi, ambao kila Mluguru anao kwa kutembea kwenye mteremko, umeanza kurefuka. Athanas akalipiza. Juu ya dirisha akaandika: MNYAMWEZI, UMEBEBA MAGUNIA MANGAPI LEO? Kitufe cha kuhifadhi akakiita "Tua mzigo". Cha kughairi akakiita "Rudi Tabora". Na mtu akikosea tarakimu, kilitokea kidirisha kidogo: "Hujui kuhesabu. Muulize Mluguru."

Rashidi alipoitwa aone, alicheka hadi akashika ukuta. "Cheka na wewe, mla ndizi! Siku yako inakuja."

Baadaye Athanas alichora madirisha ya heshima, akayaweka ndani ya folda ya stoo pamoja na programu. Lile la utani mtu mwingine angelifuta. Athanas afute kitu? Alilihifadhi juu ya uso wa skrini, nje ya folda, kwa kumbukumbu, kwa jina lile lile, kwa kuwa programu haikujua jina jingine.

Siku ya majaribio ilifika. Mkaguzi mkuu wa tajiri alitoka Dar kwa basi, Rashidi akampokea kwenye stendi ya Msamvu. Aliitwa Bi Zuhura Kasanda, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Kabla hajafika, Athanas alimwonea huruma: mama wa watu aanze kufungua folda ndani ya folda? Akanakili programu, akaiweka juu ya uso wa skrini, ili mgeni abonyeze mara moja tu. Akajipongeza moyoni kwa adabu yake. Tangu siku ile, kila alipojisikia anataka kujipongeza, alitoka kwanza nje akanywa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hiyo stoo isiyo na makaratasi." Bi Zuhura akakaa kwenye kiti cha Victor, Athanas pembeni yake kwenye kiti chake. Akabonyeza.

MNYAMWEZI, UMEBEBA MAGUNIA MANGAPI LEO?

Victor aliinama kusoma, akainuka, akainama tena. Bi Zuhura alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Halafu, polepole, akaandika "kumi" kwa herufi na kubonyeza "Tua mzigo".

"Hujui kuhesabu," alisoma kwa sauti. "Muulize Mluguru. Mluguru ni nani hapa?"

Athanas akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni maneno tu, mama," alisema. "Programu yenyewe ni nzima. Yapo kwenye faili la pembeni, nayasahihisha sasa hivi."

Akafungua folda ya stoo, akafungua faili. Humo palikuwa pameandikwa, kwa adabu zote, "Mapokezi ya Mizigo". Hapakuwa na la kusahihisha. Akalihifadhi hata hivyo, kwa kubonyeza kwa nguvu, kana kwamba kompyuta haikumsikia mara ya kwanza. Akarudi kwenye uso wa skrini, akabonyeza. Mnyamwezi akaulizwa tena magunia yake. Athanas akarudi kwenye folda, akabadilisha "Mapokezi ya Mizigo" kuwa "Kupokea Mizigo", akarudi. Mnyamwezi bado yupo.

"Athanas, basi," Victor alisema. "Mimi nadhani tumeona vya kutosha. Kesho..."

"Ngoja, Victor," Bi Zuhura alisema. "Baba, hilo unalolisahihisha na hili linalonitukana ni faili moja?"

Athanas akatazama skrini. Hapo ndipo alipoona: suti nzuri ameitundika kabatini na kuifunga, na bwana harusi amemwamsha sebuleni, kando ya matambara. Akalishika lile faili la kumbukumbu na kulifuta. Alikuwa hajawahi kufuta kitu. Akaleta la folda mahali pake, akabonyeza, na dirisha la heshima likafunguka. Bi Zuhura akaingiza mbolea, akatoa mbegu, akajaribu kukosea makusudi. Hesabu zikakaa sawa.

"Sasa simama," alisema.

Athanas akasimama.

"Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo. Rashidi!"

Rashidi alikuwa mlangoni kitambo, kinywa kimejaa kicheko. "Ndiye huyo, mama, niliyekwambia njiani!"

"Chukua kiti chake. Kipakie kwenye lori."

Kiti kikatoka. Victor akashusha pumzi. "Afadhali, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta namna ya kumwambia aende."

Athanas alibaki katikati ya chumba, mikono haijui pa kukaa. Mtani akikuchukulia kitu, hulalamiki. Unauliza bei ya kukikomboa. Lakini huyu alikuwa mtani na pia alikuwa bosi, na hakujua ni yupi kati yao aliyechukua kiti.

"Nakikomboa kwa nini, mama?" aliuliza, sauti ndogo.

"Jogoo. Wa Mgeta, tena mwenye sauti. Nikija kukagua mwezi ujao nimkute hapa, mezani kwako."

Victor akageuka. "Mezani kwake? Kwani bado ana meza?"

"Kwani umeniona nimechukua meza?"

Mwezi ule wote Athanas alifanya kazi amesimama. Wenzake walimletea stuli, akaikataa, maana kiti hakikombolewi kwa stuli. Victor, ambaye hakuwahi kuelezwa chochote, aliiona ile kuwa bidii, na mara mbili alimsifu mbele ya wateja. Athanas hakumsahihisha. Miguu ilimuuma sana, yote miwili kwa kipimo kimoja.