Jumamosi Baada ya Waashuri

Juzi nilikuwa jikoni nasubiri chai ichemke, mkono wangu ukaanza kubonyeza vialama kwenye kiporo cha bugali kwa ncha ya mpini wa kijiko. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nachora nini. Nikasema sijui. Na kweli sijui, rafiki yangu. Baba ndiye aliyejua. Lakini mkono ulikuwa umeshanirudisha mtaa wa Kingstanding, huku kwa Waingereza, kwenye ile nyumba ya kaunsili, ya kupanga kwa halmashauri, miaka ya elfu mbili na kitu, nikiwa bado shule ya msingi. Mwaka wenyewe sina hakika nao.

Tulikuwa tumetoka Kivu. Baba alifanya kazi kiwanda cha mikate, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa letu dogo lililokodi ukumbi karibu na kwetu. Siku moja akaona tangazo maktaba: masomo ya jioni kule Selly Oak, lugha ya Waashuri wa kale na maandishi yao. Mtu mwingine angepita. Yeye akajiandikisha. Mama alidhani ni kozi ya umeme.

Sababu yake aliitoa mara moja tu, mezani. Alisema kule nyumbani alisikia vita vya kijiji kimoja vikisimuliwa na pande mbili, na kila upande uliwaruka wale uliowaua. Alitaka kujua kama watu wa kale nao walikuwa hivyo. Waashuri tuliwafahamu kwenye Maandiko kama maadui. Hatukuwahi kuwasikia wao wenyewe.

Basi nyumba ikageuka. Maandishi yale hayaandikwi kwa wino. Yanabonyezwa kwenye udongo mbichi kwa kijiti chenye pembe, kila alama kama kabari ndogo yenye kichwa na mkia. Udongo wa dukani ulikuwa ghali, kwa hiyo baba alifanyia mazoezi kwenye bugali iliyobaki, ameisawazisha kwenye sinia.

"Baba ya batoto, bugali ni ya kula!" mama alilalamika.

"Nitaila nikishaisoma," alijibu baba. Na aliila kweli, imekauka, na sombe ya jana, yale majani ya muhogo.

Kusoma nako kulikuwa na utaratibu wake. Alizima taa ya juu, tukabaki na taa ya mezani iliyoshushwa pembeni kabisa, mwanga uje kwa ubavu na kila kibonyezo kipate kivuli. Mwanga ukija kwa juu, alama zinapotea. Mshika taa nilikuwa mimi. "Shusha. Shusha tena. Hapo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nisimwonee baba, alinipenda. Lakini mvua inagonga dirisha, yeye ananong'ona maneno ya watu waliokufa zamani, na mimi nimesimama na taa, mkono unaniuma.

Kilichoniokoa ni Jumamosi. Watu wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi: Wakongo wenzetu, wauguzi wa Kikenya bado na yunifomu zao, na watoto wao, ambao tuliruka nao ngazi mpaka tukafokewa. Mama alipika sufuria kubwa ya ndagala, dagaa wa kwetu, nyumba nzima ikanuka mawese. Nje ya siku hiyo sikuwa na mtu. Shuleni nilikula peke yangu.

Jumapili moja zamu ya kuhubiri ikawa ya baba. Akasoma habari ya mfalme wa Ashuru kuizingira Yerusalemu, na jeshi lake kufa usiku mmoja. Watu waliipenda habari hiyo. Wengi wao walikuwa wamekimbia majeshi. Kisha akasema, kwa ile furaha ya mwanafunzi, kwamba mfalme yule naye aliandika habari za vita vile, na kwamba yeye baba amezisoma na mwalimu wake. Mfalme anajisifu kwa miji aliyoiteka na mali aliyoletewa. Jeshi lililokufa halitaji.

"Tusikie na upande wake," akasema baba, "tujue mtu anaruka nini."

Mama mmoja aliyekuwa akiongoza maombi, mjane wa vita, akasimama. "Mzee, waliomuua bwana yangu nao wana upande wao. Unataka niusikilize?"

Baba akafunga Maandiko, akashuka.

Jumamosi iliyofuata walikuja wazee wawili tu wa kanisa. Mmoja, Mkenya, akaanza kwa mzaha: "Mzee, kwani hao Waashuri wako wa Ninawi wamekupa uraia?" Baba akacheka. Halafu yule mzee akaweka kikombe chini. "Hii masomo yako inaumiza watu. Jumapili simama, sema huyo mfalme ni mwongo, na uiache. Mambo yaishe."

Mama akamtazama baba. Mimi niko mlangoni, namwomba Mungu ili baba akubali.

Jumapili baba alisimama. Alimwomba mjane msamaha mbele ya wote kwa kulitonesha donda lake. Kisha akasema, "Lakini siwezi kumwita mwongo kwa kila neno. Kuna mahali anakubaliana na Maandiko yetu. Na darasa sitaliacha." Akaketi.

Hakuna aliyetufukuza. Hilo nataka lieleweke, maana watu wale ndio waliotuletea magodoro tulipofika, na barabarani waliendelea kutusalimia. Ila nyumbani kwetu hawakuja tena. Mama alizidi kupika sufuria kubwa, akisema labda mabasi yamechelewa. Jumamosi moja akatoa sufuria ndogo.

Mjane alikuja mara moja, nadhani mwaka uliofuata, peke yake. "Nisomee," akasema. Baba akasoma Kiashuri kwanza, polepole kama mtoto, kisha Kiswahili. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono. "Huyu anajisifu kama wale wa kwetu," akasema. Akamaliza chai, akavaa koti. Hakurudi.

Darasa lilikuja kufungwa kwa kukosa wanafunzi, na baba hakupata tena mtu wa kusoma naye. Ukumbi umebomolewa. Baba amefariki, mjane naye. Waliobaki wametawanyika, wengine Castle Vale, wengine sijui wapi. Mimi sikusoma sana, siwezi kuamua nani alikuwa na haki. Nimejaribu kumpa kila mmoja nafasi yake hapa. Ila nikirudia kuyasoma haya niliyoandika naona upande mmoja umezidi: wa mtoto aliyetaka tu mlango ugongwe, na ambaye angefurahi baba aseme uongo wowote, mradi wagongaji waje.