Siku Mshipa Wangu wa Pili Ulipogoma Kuonekana

Chekeni mapema tumalizane. Ule mshipa mkubwa unaopandisha damu toka miguuni kwenda kwenye moyo, nyie wote mna mmoja, mimi nilizaliwa nao miwili (ilionekana kwa bahati tu, nilipopigwa picha ya tumbo kwa mambo mengine), na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki nikaringa shule nzima kwamba mimi ni toleo la kifahari, mpaka mwalimu wa michezo akasikia. "Hukanyagi uwanja bila barua ya daktari." Na fainali imebaki siku mbili!

Daktari akasema nirudie picha, nisile chochote. Tukatoka na Mama kwa miguu kwenda hospitali Upanga, pale Msimbazi akaingia dukani kuulizia kitenge, nami nimeachwa jirani na mama ntilie anayepakua chapati na maharage ya nazi. Nikajisemea, mshipa uko huko mgongoni, maharage yanaenda tumboni, watakutana wapi? Nikala. Nikaongeza.

Kwenye chumba cha picha nikakuta madaktari wanafunzi sita wamekuja kuuona mshipa wangu (mimi staa!). Nikavua shati kwa mapozi.

"Umekula?"

"Hapana, Dokta."

"Tangu jana, maskini," Mama akanitetea.

Dokta akanipaka ile jeli ya baridi, akapitisha kifaa, kwenye kioo mawingu matupu. "Gesi. Sioni hata mmoja. Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! "Dokta, jaribu tena, shikamoo!"

"Marahaba. Usijikaze."

Akabonyeza. Akabonyeza zaidi. Jamani, ushuzi sikuuachia, ulijiachia wenyewe, mrefu, wenye kona, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mwanafunzi mmoja akaangusha daftari. Mama akajifunika uso kwa mtandio, halafu akaufunua ghafla.

"Ayubu! Hayo ni maharage!"

Dokta hata hakubandua macho kwenye kioo. "Haya, ile pale. Mmoja kulia, mwingine kushoto. Mnaona?" Wakapiga makofi, isipokuwa yule aliyebana pua.

Barua nikaipata: mishipa haina madhara, acheze. Nikacheza, na goli nikafunga. Shida ni kwamba yule mbana pua ni dada yake golikipa wetu, kwa hiyo kila nikigusa mpira uwanja mzima, "Gesiii!", na mwalimu wa michezo anasindikiza kwa filimbi.

Siku hizi nikiambiwa nisile, hata mate naomba ruhusa kuyameza.