Jina Langu Ndani ya Kaseti

Leo marehemu mke wangu ameniita dukani, hapa Nyaishozi.

Niliingia kununua sabuni. Salumu, mwenye duka, akaniamkia shikamoo. Redio yake ilikuwa inacheza kaseti: mume na mke wanataniana kuhusu ndizi zilizoungua.

Nikazitambua sauti zile.

Mazungumzo yale tuliyarekodi mimi na mke wangu, Restuta, miaka ya themanini, tukauza kaseti sokoni. Watu walikuwa wakizinakili na kudai ni zao, kwa hiyo Restuta akaficha alama. Katikati ya kicheko ananong'ona "Kato", jina langu la nyumbani. Asiyejua hasikii.

Nikasubiri kicheko.

"Kato."

Nikaegemea kaunta, jamani.

"Mzee, unaumwa?" Salumu akauliza.

"Hapana. Hao ni akina nani?"

"Wazazi wangu. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba aliniachia kaseti hii, akasema nikimkumbuka mama nimsikilize humu."

Ushahidi ninao kwamba sauti ile ni ya Restuta, si ya mama yake. Lakini sikuutoa.

"Ulimfahamu mama?"

"Nilimfahamu," nikamjibu. "Alikuwa mcheshi sana."

Akanivutia kigoda, akarudisha kaseti mwanzo, tukamsikiliza wote wawili.

Ninyi mngemwambia?