Fomu Iliyolala Kifudifudi

Fomu ile niliitunga mwenyewe, na nilijisifia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilikuwa afisa rasilimali watu wa shirika dogo la mbegu pale Ngara, nimechoka kusikia kwamba ajira zetu hugawiwa kwenye majiko ya watu. Basi kila aliyekaa kwenye jopo la usaili alitakiwa kusaini kwamba hajala wala kunywa chochote cha mwombaji kazi. Wenzangu wawili wa jopo, mhasibu na bwana shamba, walinicheka. Bwana shamba aliuliza kama hata maji ya kisima yamo. Nikamjibu yamo, kama kisima ni cha mwombaji.

Jumapili, siku moja kabla ya usaili wa mtunza ghala, tulialikwa sote watatu kwenye ubatizo Murukulazo. Huku kwetu sherehe si ya mwenye nyumba peke yake. Kila jirani huleta chungu chake cha urwagwa, pombe ya ndizi, na mgeni hunywa kile alichowekewa. Aliyekileta huonja kwanza mbele yako ujue hakina sumu. Ukishaona hivyo, kuuliza ni cha nani ni kumtukana. Sisi tuliwekewa chungu na binti mmoja mrefu. Akapiga goti, akaonja, akatukabidhi mirija. Sikuuliza. Nilikunywa vizuri tu, tena nikamwambia amsalimie mama yake, pombe imeiva.

Jumatatu asubuhi tukasaini fomu, mimi wa kwanza, kwa mbwembwe zote. Mwombaji wa tatu akaingia, akasema shikamooni. Alikuwa yule yule wa chungu.

Bwana shamba akaanza kukagua dari utadhani imepandwa mahindi. Mhasibu akapatwa na kikohozi. Na mimi, mtunzi wa sheria? Niliigeuza ile fomu ikalala kifudifudi, nikaweka kikombe cha chai juu yake. Mganga hajigangi. Kisha nikamsomea swali la kwanza kwa sauti nzito: aeleze ni lini uaminifu wake ulijaribiwa.

Aliitazama fomu iliyolala chini ya kikombe. Barua yake ilisema amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hajapata kazi hata moja.

"Ni sasa hivi," akasema. "Jana mlikunywa chungu cha kwetu. Mama ameniambia ninyamaze, mtaona aibu mtanipa kazi. Lakini nikinyamaza hapa, kule ghalani nitasema nini?"

Masikio yaliniwaka moto. Niliondoa kikombe, nikaigeuza fomu, nikamwambia kwamba jopo letu halina haki ya kumsaili yeye wala mwenzake yeyote. Waombaji wote wakarudi makwao. Nilimtazama akivuka uwanja na bahasha yake ya vyeti, akiamini ukweli umemnyima kazi, na niliumia, maana aliyepaswa kusema wa kwanza ni mimi.

Wiki iliyofuata lilikuja jopo kutoka ofisi yetu ya Biharamulo, watu wasiomjua mtu Murukulazo, kila mmoja na chupa yake ya maji kama wanaokwenda jangwani. Waliwasaili wote upya. Mimi nilikaa mbali, sikuuliza neno. Wakamchagua yeye.

Siku yake ya kwanza kazini nilifika ghalani mbio mbio, gari likinisubiri, nikitaka mifuko miwili ya mbegu za maharage kwa wakulima wa Murusagamba. Nikamwambia naichukua, karatasi nitasaini nikirudi. Hakubishana nami. Alinipa shikamoo kwa adabu zote, akaweka fomu ya kutolea mali mezani, akaibana ukingoni kwa vidole viwili.

"Saini hapa, mzee," akasema. "Halafu tuiache inatazama juu."