Kengele Yenye Uzi Mrefu

Cheka tu ukitaka. Binti yangu naye alicheka, na leo hacheki tena. Hiki ninachokuambia nilikiona kwa macho yangu haya mawili, akili timamu, na tangu nibatizwe pombe sijaionja.

Nilikuwa naishi Buffalo, hapa Amerika, peke yangu. Binti yangu alikuwa ameshahamia Louisville na mumewe na watoto, mimi nikabaki kwa sababu ya kazi, kusafisha ukumbi mmoja wanaokodisha kwa harusi na mikutano. Upweke wa kule, weee, usiombe! Wiki nzima inapita, mtu wa kuniita mama hakuna.

Bon, Jumamosi moja ya baridi ukumbi ukajaa wazungu waliovaa kama mababu zao wa enzi za treni za moshi. Kofia ndefu, magauni ya kubana kiuno, na juu ya kofia miwani ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Nikasema, Mungu wangu, hawa wanakwenda harusini au kiwandani? Mezani walipanga mashine za ajabu za zamani. Kulikuwa na kiti chenye pedali chini, ukiikanyaga kinakupepea. Na kulikuwa na kengele ndogo ya shaba yenye uzi mrefu.

Msichana wa meza ile akanieleza polepole, maana Kiingereza changu ni cha kazini. Watu wao wa zamani waliogopa kuzikwa wakiwa hai. Donc, marehemu alifungwa uzi kidoleni, uzi ukapanda mpaka juu ya kaburi, kwenye kengele. Akizinduka, avute.

Mume wangu tulimzika milimani kwetu, Kivu ya Kusini, siku tunakimbia vita. Risasi zilikuwa karibu. Hatukukesha, hatukuimba, hata kumwosha hatukumwosha. Mwili wake ulikuwa bado na joto. Tangu siku ile swali moja halinitoki: alikuwa amekufa kweli? Sijawahi kumwuliza mtu. Ningemwuliza nani?

Nikaenda kwenye ngazi za nyuma nilie kidogo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza la baridi limeshaingia. Pale ngazini alikaa mzee wa kizungu, koti jeusi, uzi umezungushwa kidoleni. Nikajua ni mmoja wao. Na mimi kumpita mzee bila salamu siwezi, hiyo hata Amerika haijanifundisha.

"Jambo papa."

"Jambo mama," akajibu. "Nilipiga kengele sana. Hakuna aliyekuja."

Niamini, sikushtuka. Mawazo yangu yalikuwa kaburini. Baadaye sana ndipo nikajiuliza, mzungu yule Kiswahili cha milimani kwetu alikitoa wapi?

Nikammiminia chai ya tangawizi kutoka chupa yangu ya kazini. Hakunywa, aliishika tu kwa mikono miwili. Alipoinuka nikamsindikiza mpaka barabarani, kama tunavyomfanyia mgeni, na nikasema yale tunayosema sote bila kufikiri: "Karibu nyumbani, papa. Ni mlango wa kijani nyuma ya kanisa. Siku yoyote piga tu, nitafungua."

Alifurahi mpaka nikaona haya. Nikageuka kurudi. Kwenye theluji zilikuwapo nyayo za mtu mmoja, na zilikuwa zangu.

Kesho yake, saa kumi na moja, kengele ikalia mlangoni. Mlango wangu hauna kengele. Nikafungua, hakuna mtu. Kesho kutwa tena, na tena, mwezi mzima. Nikahamia Columbus kwa dada mmoja wa kanisa, ghorofa ya tatu. Wiki haikuisha, kengele! Nikakimbilia Louisville kwa binti yangu. Jioni ya kwanza mjukuu wangu akanivuta nguo, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kuna mtu mlangoni. Hapo ndipo binti yangu alipoacha kucheka. Mchungaji akaja kuomba, tukafunga siku tatu. Ikalia tu.

Wiki iliyopita nilifungua nikakuta uzi. Umefungwa kwenye kitasa, unashuka ngazi, unakatiza majani ya uwanjani, unaingia ardhini. Nikaushika. Ulikuwa na joto. Halafu upande wa pili mtu akavuta mara tatu, polepole, vilevile alivyokuwa akibisha hodi mume wangu kila jioni akirudi na ng'ombe kutoka malishoni.

Nilifanya nini? Nilikimbilia jikoni, nikachukua kisu, nikaukata.

Tangu siku ile kengele haijalia. Nyumba imejaa watu, watoto wanapiga kelele, na mimi sijawahi kuwa peke yangu namna hii. Basi nakuomba, usimwambie mtu "piga tu, nitafungua" kama hujui utamfungulia nani. Mimi nilisema. Sasa kila saa kumi na moja nakaa karibu na mlango, nimeuacha wazi, baridi inaingia, na binti yangu hathubutu kuniambia niufunge.