Aliyelala Chini ya Kitanda cha Zaituni

Cassien alikuwa seremala katika karakana za Gisozi, Mkatoliki aliyekulia Bujumbura. Alipopanga chumba katika mtaa wa Rwezamenyo, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Zaituni, mjane wa Kiislamu, mafundi wenzake walimwonya kwamba nyumba ile ya mjane inaongea. Akacheka.

Jumapili ya kwanza, saa nane mchana, jua likiwaka, alisikia ukutani sauti nzito ya mwanamume ikisali Baba Yetu kwa Kinyarwanda, polepole, kama mtu mwenye homa. Akazunguka, akabisha hodi. Zaituni akafungua, ushungi kichwani. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu.

"Nani alikuwa anasali, mukecuru?"

"Mimi," alijibu bibi kizee, kwa sauti nyembamba kama uzi.

Cassien hakuuliza tena. Alimpelekea vipande vya mbao vya kupikia, naye akamgawia pilau ya Idi. Lakini kila Jumapili saa nane ilipofika, sauti ile nzito ilirudi ukutani.

Mvua za Aprili zilimlaza Zaituni kitandani. Akamwita Cassien.

"Mwanangu, iko mtu chini ya hiki kitanda. Anaitwa Rugamba. Mwaka wa tisini na nne, wakati wa mauaji ya kimbari, mume wangu alimficha humu. Wauaji hawakumpata, ila malaria ilimpata, tukamzika hapa hapa. Kabla hajafa aliniomba nisiache kumsalia sala ya kwao kila Jumapili. Mimi Mwislamu, niliishika kutoka mdomoni mwake."

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Nani angeamini kwamba hatukumuua?"

"Mimi naamini," alisema Cassien. Kesho yake akampeleka kwa wakuu wa mtaa, akasimama kando yake alipokuwa akieleza.

Siku ya kufukua, Zaituni alikaa uani, amemshika Cassien mkono, midomo ameifumba. Majembe yalikuwa yameanza kupiga sakafu pale sauti ilipotoka ndani, ile ile nzito, ikisali. Wachimbaji walitoka mbio. Kila aliyekuwa uani aliisikia. Zaituni akauachia mkono wa Cassien.

"Nenda umsalie wewe, mwanangu. Leo nimechoka."

Cassien akaingia peke yake. Akapiga magoti, akaifuata sala ile neno kwa neno. Waliposema Amina, kukawa kimya. Akafukua kwa mikono. Mifupa ilikuwa imefungwa ndani ya kanzu, rozari mkononi.

Majirani walinong'ona kwamba bibi ni muuaji. Kaliza, binti wa kaka yake Rugamba, aliyekulia Uganda, alifika uso umekaza.

"Mlimfanya nini baba yangu mdogo?"

Cassien akaikunjua kanzu mbele ya Kaliza.

"Hii ni nguo ya mume wa bibi huyu, ya sala ya Ijumaa. Muuaji hamvishi mtu nguo yake ya ibada."

Kaliza aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaketi chini, karibu na miguu ya bibi, akalia.

Cassien alitengeneza jeneza. Padri alimzika Rugamba, na Kaliza akamketisha Zaituni safu ya mbele, pamoja na ndugu.

Zaituni aliishi miaka miwili zaidi. Alipofariki, Waislamu wa mtaa walileta jeneza la msikitini, na Cassien akaweka bega kwenye pembe ya nyuma. Hakuna aliyemzuia. Wakiupanda mlima kuelekea makaburini, mbebaji wa mbele akasema kwamba mzigo ni mwepesi ajabu. Cassien alijua nani ameubeba. Bega lake halikuwa limeguswa na mti wa jeneza tangu walipotoka mlangoni, na upande wake hapakuonekana mbebaji mwingine.