Shangazi alipolipaka chokaa ziwa la Baba, siku tatu kabla Baba hajarudi na macho yake

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Juzi kuna mkuu aliuliza humu namna ya kusafisha picha iliyochorwa moja kwa moja ukutani. Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona nifungue uzi.

Haya niliyaona mwenyewe, na nusu ya makosa ni yangu, kwa hiyo sina faida ya kutia chumvi.

Ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Kashaulili, nyumba ya tofali mbichi, bati juu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari: nani kaja, saa ngapi, kasema nini. Daftari hilo ninalo mpaka leo, ndiyo maana mtaona nakumbuka hadi saa.

Baba alikuwa mchora mabango. Maduka, bucha, saluni, milango ya magari, karibu mji mzima ulipita kwenye brashi yake.

Mama ni wa Karema, kule ziwani. Baba alipomuoa na kumleta Mpanda, mwaka wa kwanza Mama alikuwa akilalamika kwamba huku maji yote yako kwenye ndoo. Baba alitumia Jumapili zake kadhaa, akamchorea ziwa ukuta mzima wa sebuleni.

Milima ya ng'ambo. Mitumbwi miwili imevutwa mchangani. Dagaa wameanikwa. Na katikati, Mama wa wakati ule, beseni kichwani, anacheka.

Sasa shikeni hapa, maana kisa chote kimekaa hapa.

Rangi ya mafuta ilikuwa ya wateja. Ya ukutani kwake aliitengeneza mwenyewe: udongo mwekundu, mkaa uliosagwa, unga wa bluu, gundi. Rangi ya namna hiyo ukiipitishia kitambaa chenye maji, inaondoka na kitambaa.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anaipaka nta ya nyuki. Warina asali wa Inyonga, kwao, walimletea donge la nta. Alilitia kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, akaongeza tapentaini kidogo, akapaka kwa kipande cha fulana kuukuu. Tabaka jembamba, kisha anasugua mpaka ling'ae. (Msiweke kopo juu ya moto wenyewe. Nta na tapentaini vinawaka.)

Baadaye macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kama miaka mitatu hivi hakuona kitu zaidi ya mwanga wa dirisha.

Nta hakuiacha. Alipaka kwa kupapasa. Vidole vilijua mtumbwi uko wapi, beseni liko wapi. Ila badala ya mara moja kwa mwaka, ikawa kila akiwa na mawazo. Na kwa kuwa hakuona imetosha, alikuwa anazidisha.

Nta ikawa nene. Moshi wa kandili ukaganda juu yake. Ziwa likageuka rangi ya chai iliyokolea, mpaka mgeni asingejua kuna picha.

Kila baada ya siku chache aliuliza, "Ziwa limepauka?"

Tulijibu, "Liko vilevile, Baba." Ukweli ni kwamba tulijibu bila hata kugeuza shingo.

Wakati huohuo mabango yake mjini yalikuwa yanafutwa moja baada ya jingine, mafundi wengine wanachora juu. Ukafika wakati kazi pekee ya mkono wake iliyobaki duniani ni ule ukuta wa sebuleni.

Kaka yangu mkubwa, Linus, akampeleka Tabora kupasuliwa jicho moja. Baada ya wiki mbili ikaja barua fupi kwa mkono wa abiria:

"Wamemfungua. Anaona. Tunarudi na treni ya Alhamisi. Anasema akifika ataanza kuangalia ziwa lake, mengine baadaye."

Mama alisoma mara tatu. Kisha akasema, "Mengine baadaye ndiyo mimi hiyo?" Akacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Basi tukaamua tumpokee kwa nyumba safi. Mtu amekaa gizani miaka mitatu, asifike akakuta kuta za masizi. Dada yake Baba, Shangazi Vero, alikuja kutoka Inyonga kutusaidia. Hakuwa amefika kwetu tangu harusi ya Baba na Mama, kwa hiyo lile ziwa hakuwahi kuliona.

Mimi ndiye niliyepanga ratiba. Jumapili, kutoa vitu nje. Jumatatu, chokaa. Jumanne, sakafu. Ilikuwa ratiba nzuri sana kwenye daftari.

Jumapili jioni nikaifunika picha kwa vitenge viwili, nikavibana kwa misumari midogo ili matone ya chokaa yasiirukie. Nikajisifu kabisa. Nilichosahau ni kumwambia Shangazi chini ya vitenge kuna nini. Nilimwambia tu, "Shangazi, kuta zote."

Jumatatu Mama alikwenda sokoni, mimi stesheni kuuliza kama treni itakuja Alhamisi kweli. Nilirudi saa tano kasoro.

Vitenge vilikuwa kwenye kamba, vimefuliwa, vinachuruzika maji.

Sebuleni kuta nne zilikuwa nyeupe pe. Shangazi amejifunga kilemba, chokaa mpaka kwenye nyusi, brashi mkononi kama amemaliza vita.

"Nyie watu wa mjini ni wachafu," akasema. "Ukuta huu ulikuwa mweusi kama jiko la pombe, mkaona muufunike na nguo! Tena una kiburi huo. Nimeupaka mara tatu ndiyo umekubali."

Nilimwonyesha ukuta kwa kidole.

"Nini? Umeona nyoka?"

"Shangazi, hapo palikuwa na ziwa la Baba."

Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi. "Ziwa gani?"

Nikamweleza. Brashi ikamtoka mkononi. Alikaa sakafuni palepale kwenye matone ya chokaa na kusema, "Kaka yangu amefunguliwa macho, mimi nimemfunga tena."

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili ni langu peke yangu. Nilichovya kitambaa kwenye maji, nikaanza kufuta kwa haraka, nikianzia kona ya chini kulia, nyuma ya mahali linapokaa kabati la vyombo.

Chokaa ikatoka. Na rangi ikatoka nayo. Pale ndipo Baba alipokuwa ameandika jina lake, "Fundi Damasi". Kwa sekunde chache kona nzima ikawa uji wa bluu na nyeupe, na jina limeisha.

Mama akaingia, kapu bado lipo mkononi. Alielewa yote kwa kutazama mara moja.

"Acha!" akaniambia. "Unakoroga uji. Toka hapo kabisa."

Kisha akausogelea ukuta mahali alipokuwa amechorwa, akagusa chokaa mbichi. "Afadhali," akasema. "Yule alikuwa hazeeki." Lakini sauti yake ilikuwa imepasuka. Hakuna aliyecheka.

Nilikwenda kwa Mzee Hamisi, muuza rangi pale Kashaulili. Baba alikuwa mteja wake tangu zamani. Alinisikiliza huku anakunywa kahawa, kisha akaniuliza swali moja ambalo sikulitegemea.

"Hiyo chokaa ilishika mara ya kwanza?"

Nikakumbuka maneno ya Shangazi. Nikarudi mbio kumuuliza.

"Haikushika," akasema. "Ilikuwa inajikunja vidonge vidonge, kama maji kwenye jani la mgomba. Ndiyo nikaongeza chumvi kwenye ndoo, nikairudia."

Nikarudi tena dukani na jibu. Mzee Hamisi akaweka kikombe chini.

"Baba yako bado alikuwa anapaka ile nta yake?"

"Kila siku akiwa na mawazo, mzee."

"Basi alikuwa na mawazo mengi, alhamdulillahi." Akatabasamu. "Chokaa haikukaa kwenye picha, imekaa kwenye nta. Nta na chokaa haviivi chungu kimoja. Fungueni madirisha. Msitie maji. Msikune na kisu. Ikikauka vizuri itajiondokea yenyewe."

"Na kona niliyoifuta, nyuma ya kabati?"

"Nyuma ya kabati? Nta ya zamani imeshaisha, na kipofu atapakaje mpya nyuma ya kabati? Hiyo kijana wangu umeshaiosha."

Jumanne ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika kwenye daftari. Saa mbili asubuhi, nyeupe. Saa sita, nyeupe. Saa kumi, nyeupe, Shangazi amekataa chakula. Tulipita sebuleni kwa kunyata, kama kuna mgonjwa.

Jumatano saa moja asubuhi nikasikia Mama ananiita kwa sauti ya chini, kama anaogopa kuushtua ukuta.

Chokaa ilikuwa imepasukapasuka kama tope la mbugani wakati wa kiangazi. Sakafuni kulikuwa na magamba meupe. Na mahali palipobanduka, ukubwa wa kiganja, lilionekana beseni.

Mama akachukua ubawa mkavu wa kuku. Akapangusa taratibu, kutoka juu kwenda chini. Gamba likadondoka, jingine likafuata. Paji la uso. Jicho. Cheko lote.

Shangazi alikuwa mlangoni. Aliuliza, "Ndiye wewe huyo?"

"Ndiye mimi."

"Wifi, ulikuwa mzuri hivi na mimi nikakupaka chokaa!"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Wakuu, sijawahi kucheka vile tena. Ilikuwa kama mtu ametutua gunia.

Tulifanya kazi siku nzima, watatu, kwa mbawa za kuku na vitambaa vikavu. Zaidi ya nusu ya masizi yaliondoka pamoja na chokaa, kwa kuwa yalikuwa yameganda juu ya nta. Kufikia jioni ziwa lilikuwa la bluu kuliko nilivyolijua mimi. Ila ile kona ya chini ilibaki nyeupe, tupu.

Alhamisi treni ilichelewa, ikaingia alasiri. Baba alishuka na miwani minene, ameshika bega la Linus kwa mazoea tu, maana njia alikuwa anaiona. Alisoma mabango ya watu njia nzima, kwa sauti, na kuyakosoa herufi.

Tulipofika, Shangazi akapata kazi ya ghafla jikoni.

Baba alisimama mbele ya ukuta. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Nani amelipaka ziwa langu mafuta ya kukaangia?" akauliza.

"Wewe," Mama akamjibu. "Na hiyo nta yako."

Akakwaruza kidogo kwa ukucha, akanusa, akacheka peke yake. Kisha akaitazama ile sura iliyochorwa, akageuka akamtazama Mama. Alimtazama muda mrefu, mpaka Mama akarekebisha kanga.

"Kumbe pua nilikosea."

"Miaka yote hiyo ndiyo unaona leo?"

"Leo ndiyo nina miwani."

Kisha macho yakashuka kwenye kona. "Na hapa? Palikuwa na jina langu."

Shangazi akatokea jikoni, hajaitwa, mikono bado ina unga. "Kaka, mimi nililipaka lote chokaa. Niliona ni masizi."

"Chokaa yake ilitoka yenyewe, Baba," nikasema. "Jina nimeliosha mimi, kwa maji."

Nikamsimulia yote kwa mpangilio, vitenge, chumvi, Mzee Hamisi, mbawa za kuku. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipoelewa kwamba ile nta aliyoizidisha gizani ndiyo iliyomwokolea picha, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nileteeni brashi ndogo," akasema.

Alipiga goti kwenye ile kona nyeupe. Ndizo herufi zake za kwanza baada ya miaka mitatu. Aliandika: FUNDI DAMASI. Akapumzika kidogo, akaongeza chini yake: NA DADA YAKE VERO, CHOKAA.

Shangazi hakujua kusoma. Tukamsomea. Akataka tumsomee tena.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kama una picha ukutani, jua kwanza imechorwa kwa rangi gani kabla hujaigusa na chochote chenye maji. Kandili na jiko viwe mbali nayo. Nta iwe nyembamba, isugue. Likitokea la kutokea, usikimbilie kufuta. Mimi dakika moja ya haraka ilinigharimu jina la baba yangu, na siku mbili za kungoja ndizo zilizomrudisha mama yangu ukutani. Na mtu akikuuliza kila siku kama picha yake imepauka, inuka uiangalie kweli.

Ile nyumba bado ipo. Jicho la pili nalo lilipasuliwa, na mpaka uzee wake Baba aliendelea na nta, mara moja kwa mwaka. Shangazi naye, kila akija kutoka Inyonga, aliwasimamisha wageni mbele ya ile kona, akaweka kidole kwenye jina lake na kuwaambia, "Hii tulifanya mimi na kaka."

Nyie wenzangu, kwenu ukutani kulikuwa na nini, na nani alikuwa anakitunza? Wenye kujua dawa ya mchwa isiyoharibu rangi, naomba mseme hapa chini. Tofali mbichi zina wenyewe, na mwaka huu nimeona wameanza kupanda ukutani, upande wa ile milima ya ng'ambo.